Kupima Athari za Mtambo wa Kuchakata Tungamotaka Katika Mzunguko Wake Mzima: Mwongozo kwa Mfano wa Mabaki ya Mkonge

Jani la mkonge likishapita kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha singa na nyama ya jani, singa zinazokwenda kuanikwa juani ni sehemu ndogo sana ya kile kilichokatwa shambani. Kwa kawaida singa huwa kati ya asilimia 3 na 5 ya uzito wa jani bichi. Kinachobaki ni nyama ya jani, utomvu wake na maji mengi ya kuoshea, ambavyo katika mashamba mengi ya Tanga vimekuwa vikilundikwa nyuma ya kiwanda au kuachwa vitiririke kuelekea mtoni. Mkonge wenyewe uliletwa katika pwani hii mwaka 1893 na Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 aliyoiagiza Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, kwa hiyo suala la mabaki haya lina umri wa zaidi ya karne moja. Mtambo wa bayogesi uliojengwa katika shamba la Hale, wilayani Korogwe, mwishoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba mabaki hayo yanaweza kuzalisha umeme.

Hata hivyo, kuzalisha umeme kutokana na mabaki hakutoshi kuthibitisha kwamba mazingira yamepata nafuu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulichunguza jambo hilo kwa njia ya tathmini ya mzunguko wa maisha, yaani hesabu inayofuatilia kila kinachoingia na kila kinachotoka kuanzia shambani, kupitia mtamboni, hadi tope la mwisho linaporudishwa ardhini na zege la tangi linapobomolewa. Nimeuandika kwa ajili ya mafundi, maofisa mazingira, wanafunzi na viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika, za wakulima wa mkonge ambao huletewa andiko la mradi na kuombwa waliamini. Tarakimu za mfano nitakazotumia si za mtambo wa Hale wala wa mahali popote mahususi. Ni za kuonyesha hesabu inavyokwenda, na kila mmoja anapaswa kuweka za kwake alizozipima.

Inafaa kutaja mapema kwamba tathmini hii haichukui nafasi ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira inayodaiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kusimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Tathmini ya kisheria huuliza mradi utafanya nini mahali hapa: harufu itawafikia akina nani, kisima cha nani kitachafuka, njia ya mifugo itapita wapi. Tathmini ya mzunguko wa maisha huuliza kila uniti ya umeme, au kila tani ya mabaki, inabeba mzigo gani kwa jumla, popote pale mzigo huo unapoangukia. Mtambo unaweza kushinda katika mojawapo na kushindwa katika nyingine, na ndiyo maana zinahitajika zote mbili.

Hatua ya kwanza: Andika swali kabla ya kugusa tarakimu

Viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na ISO 14044, vyote vya mwaka 2006, vinaigawa kazi hii katika awamu nne: kuweka lengo na mipaka, kukusanya takwimu za maingizo na mitoko, kuzigeuza takwimu hizo kuwa athari, na kufasiri matokeo. Awamu hizo hazipitwi mara moja tu, kwani utarudi nyuma mara nyingi, lakini ya kwanza ndiyo inayoamua kama zilizobaki zitakuwa na maana.

Swali la mwenye shamba huwa ni hili: je, nikijenga mtambo, athari zitapungua kuliko nikiendelea kulundika mabaki kama ninavyofanya leo? Swali la mnunuzi wa umeme ni jingine: je, uniti ya umeme wa bayogesi ni safi kuliko ya jenereta ya dizeli au ya gridi ya TANESCO? Swali la kwanza linahitaji kipimo rejea cha tani moja ya mabaki mabichi yaliyoshughulikiwa. La pili linahitaji kipimo rejea cha uniti moja, yaani kilowati-saa moja, iliyotoka nje ya mtambo baada ya pampu na vikorogeo vya mtambo wenyewe kuchukua mgawo wao. Tofauti ya umeme uliozalishwa na umeme uliotoka isipuuzwe, kwa kuwa mtambo unaojitumia sehemu ya kumi ya umeme wake unaongeza mzigo wa kila uniti inayobaki kwa zaidi ya sehemu ya kumi.

Liandike swali kwa sentensi moja, liweke ukurasa wa kwanza, na ukatae kulibadilisha katikati ya kazi kwa sababu jibu linaloanza kujitokeza halimpendezi aliyeliuliza.

Hatua ya pili: Chora mipaka, kisha amua mzigo wa shamba unabebwa na nani

Chora mchoro wa njia nzima: kuandaa shamba, kupanda, kupalilia, kukata majani, kusomba kwa trekta, korona, kusukuma mabaki hadi kwenye tangi, kuchachusha, kusafisha gesi, jenereta, hifadhi ya tope, kusomba tope na kulimwaga shambani. Kando ya mchoro huo weka vitu vinavyoingia kutoka nje, yaani dizeli, mbolea, viuagugu, saruji, chuma, oili ya injini na vipuri.

Hapo ndipo linapozuka suala gumu kuliko yote ya mipaka. Shamba lililimwa kwa ajili ya singa, lakini sasa limezaa vitu viwili vyenye thamani, singa na mabaki. Ukiugawa mzigo wa kilimo kwa uzito, na singa ikiwa asilimia 4 ya jani, mabaki yatabebeshwa asilimia 96 ya dizeli na mbolea yote ya shamba, matokeo ambayo hakuna mkulima atakayeyakubali, maana hakuna anayepanda mkonge ili apate takataka. Ukiugawa kwa bei, karibu mzigo wote unaiangukia singa. Ukiyahesabu mabaki kuwa taka halisi, yanaingia mtamboni bila mzigo wowote wa shamba, na hesabu inaanzia kwenye mdomo wa korona.

ISO 14044 inaelekeza kwamba mgawanyo uepukwe kwanza, ama kwa kuzitenganisha shughuli zinazotenganishika, ama kwa kuupanua mfumo ili ujumuishe kile ambacho zao la pili linachukua nafasi yake. Pasipowezekana, tumia uhusiano wa kimaumbile, na bei iwe kimbilio la mwisho. Kwa mabaki ya mkonge ambayo leo hayana mnunuzi, maoni yangu ni kwamba kuyahesabu kama taka isiyo na mzigo ni halali, kwa sharti moja: siku yatakapopata bei, pengine kwa sababu mtambo wa pili umejengwa jirani na wote wawili wanayagombea, hesabu irudiwe. Jambo hilo si la kinadharia. Masalia ya miwa katika viwanda vya sukari yalikuwa kero ya kuchoma ili tu yaondoke, na leo ndiyo mafuta yanayoendesha boila na kuzalisha umeme.

Ikiwa shamba jipya limefunguliwa ili kuulisha mtambo, hasa kwa kufyeka miombo au msitu wa pwani, kaboni iliyokuwa kwenye miti na udongo inaingia katika hesabu, na kwa desturi ya miongozo ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, husambazwa kwa miaka 20. Mradi wa namna hiyo haustahili kujiita mradi wa mabaki.

Hatua ya tatu: Eleza kwa ushahidi mabaki yalikuwa yanafanya nini kabla ya mtambo

Andiko la mradi likisema kwamba mtambo unaepusha methani, gesi inayowaka ndani ya bayogesi na kuongeza joto la dunia ikitoka angani, maana yake linadai kwamba pasipo mtambo methani hiyo ingetoka. Dai hilo linaweza kuwa la kweli kabisa au lisiwe na msingi wowote, na tofauti iko katika jinsi mabaki yanavyokaa. Mabaki yaliyotandazwa kwa unene mdogo kati ya mistari ya mkonge hupata hewa, hukauka, na hutoa methani kidogo. Mabaki yaliyojaa kwenye bwawa refu kwenda chini, la maji meusi yasiyopitisha hewa huchachuka kama yaliyomo ndani ya tangi la bayogesi, ila gesi yake hupotelea angani.

Kwa majitaka, miongozo ya IPCC ya mwaka 2006 inatoa njia nyepesi ya kukadiria. Chukua kiasi cha uchafu kilichomo kwa kipimo cha hitaji la oksijeni la kikemikali, yaani oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu huo kwa kemikali. Kila kilo moja ya kipimo hicho inaweza kutoa kilo 0.25 za methani ikichachuka yote bila hewa. Zidisha kwa kigezo cha mazingira yake, ambacho ni 0.8 kwa bwawa lenye kina cha zaidi ya mita 2 na 0.2 kwa bwawa lenye kina kifupi zaidi. Tani moja ya uchafu huo katika bwawa refu hutoa kilo 200 za methani. Katika bwawa fupi, kilo 50. Tukitumia uzito wa methani wa mara 27 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, kama ilivyo katika ripoti ya sita ya IPCC kwa methani itokanayo na viumbe, tani 5.4 za hewa ukaa linganifu, yaani hewa ukaa yenye athari sawa na methani hiyo, zinageuka kuwa tani 1.35 kwa sababu ya kina cha bwawa peke yake.

Kwa hiyo chukua mti mrefu, uuwekee alama kila nusu mita, ukapime bwawa katika sehemu kadhaa, msimu wa mvua na wa kiangazi, na upige picha. Kazi ya nusu siku yenye gharama ya nauli inaweza kubadilisha matokeo ya tathmini mara nne, ilhali wiki nzima ya kuchambua kanzidata za kulipia haitafanya hivyo. Waulize pia wakata mkonge na waendesha korona walioanza kazi zamani bwawa lilichimbwa lini, lilijaa lini, na tope lake lilikuwa likichotwa na kupelekwa wapi. Wao ndio wanaojua kama lile bwawa refu lililochorwa kwenye andiko limewahi kuwapo.

Hatua ya nne: Kusanya takwimu kutoka kwenye madaftari ya mtambo

Muda mwingi wa kazi yote utautumia hapa, nami nakusihi usiupunguze. Unahitaji angalau mwaka mmoja kamili, kwa kuwa kiasi cha majani, maji yaliyomo ndani yake na hali ya barabara hubadilika kati ya masika na kiangazi.

Pima uzito wa mabaki yanayoingia. Pale pasipokuwa na mizani ya magari, hesabu matrela, pima ujazo wa trela moja, na upime uzito wa ndoo chache zilizojazwa kutoka sehemu mbalimbali za trela; fanya hivyo mara kadhaa kwa mwezi. Pima sampuli za unyevu, kwa sababu tani ya mabaki yaliyochuruzika na tani ya mabaki yaliyotota haziwezi kutoa gesi sawa. Chukua kutoka stoo rekodi za dizeli ya matrekta na za oili ya injini. Soma mita ya maji, maana korona hunywa maji mengi mno, na swali la kama mtambo unayarudisha maji hayo kwenye kazi au unayachota mapya ni swali kubwa katika bonde la Pangani, ambako mto huohuo unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls na kumwagilia mashamba ya watu wengi.

Kwa upande wa gesi, unahitaji mambo matatu: ujazo uliozalishwa, kiwango cha methani ndani yake, ambacho kwa kawaida huwa kati ya asilimia 50 na 65, na umeme uliotoka. Vitatu hivyo vinakupa mizania. Kilo moja ya methani ina nishati ya megajuli 50 hivi, na uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6, kwa hiyo jenereta yenye ufanisi wa asilimia 36 inahitaji megajuli 10, yaani kilo 0.2 za methani, ili itoe uniti moja. Ikiwa mita ya gesi inaonyesha kwamba mtambo ulizalisha kilo 0.23 kwa kila uniti iliyouzwa au kutumika, ni lazima ueleze kilo 0.03 zimekwenda wapi kabla ya kuendelea.

Mahali pa kuzitafuta panajulikana. Tazama kwanza maungio ya mabomba na kingo za kifuniko cha tangi, ukitumia maji ya sabuni au, ukiweza kuiazima, kamera ya mionzi ya joto inayoona gesi. Tazama bomba la moshi la jenereta, kwa kuwa injini za gesi huachia sehemu ndogo ya methani ipite bila kuungua. Tazama bwawa la tope lililokwisha kuchachushwa, ambalo mara nyingi liko wazi ingawa uchachushaji unaendelea ndani yake kwa wiki kadhaa. Kisha omba daftari la jenereta.

Daftari hilo nalihesabu kuwa waraka wa thamani kuliko wote. Bakteria waliomo tangini hawajui kwamba jenereta imeharibika; wanaendelea kuzalisha gesi usiku na mchana. Jenereta ikisimama siku 30 katika mwaka ikingoja kipuri kutoka ng'ambo, na mtambo hauna mwenge wa kuchomea gesi ya ziada, takriban asilimia 8 ya gesi ya mwaka itatoka kupitia vali ya usalama moja kwa moja angani. Niliwahi kuonyeshwa hesabu ya mtambo mmoja, ambao siutaji, iliyoweka uvujaji kuwa sifuri kwa sababu matangi yalikuwa mapya, huku daftari lililokuwa mezani palepale likionyesha wiki nzima nzima za kusimama. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Mwandishi wa ripoti hakuliomba daftari, na fundi hakujua kwamba linahusika.

Andika pia saa za kusimama zilizosababishwa na gridi kukatika, na kama mwenge upo, andika kama huwaka wenyewe au humsubiri mtu mwenye kiberiti.

Hatua ya tano: Geuza takwimu kuwa athari

Programu ya openLCA inapatikana bure na inatosha kwa kazi hii. Kanzidata kubwa kama ecoinvent hulipiwa, na nyingi ya takwimu zake zimetokana na viwanda vya Ulaya, jambo linalokubalika kwa chuma au oili ya injini, lakini halikubaliki kwa matrekta yetu, barabara zetu na umeme wetu. Hata hivyo, hesabu za msingi zifanye kwanza kwa mkono. Mtu asiyeweza kukadiria jibu kwa kalamu hataweza kugundua programu inapompa jibu la ajabu.

Tuanze na uvujaji. Methani ikipotea asilimia 5 ya yote iliyozalishwa, basi kwa kila kilo 0.2 iliyoungua kilo 0.0105 zimepotea, na tukizidisha kwa 27 tunapata kilo 0.28 za hewa ukaa linganifu kwa kila uniti. Kwa upotevu wa asilimia 2 ni kilo 0.11, na kwa asilimia 10 ni kilo 0.6.

Sasa linganisha na mambo ambayo watu hupenda kuyazungumzia. Chukulia trekta linatumia lita 3 za dizeli kuleta tani 5 za mabaki, na kila tani inatoa mita za ujazo 20 za methani. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.68 za hewa ukaa, kwa hiyo safari hiyo imetoa kilo 8, na mita za ujazo 100 za methani zimezalisha uniti 360 hivi. Usombaji unachangia kilo 0.022 kwa uniti, chini ya sehemu ya kumi ya uvujaji wa asilimia 5. Saruji nayo ni ndogo zaidi. Tani 100 za saruji, kwa kilo 0.8 za hewa ukaa kwa kila kilo, ni tani 80. Mtambo wa kilowati 150 unaofanya kazi saa 6,000 kwa mwaka katika miaka 20 utatoa uniti milioni 18, na mgawo wa saruji ni takriban kilo 0.004. Lakini mtambo huohuo ukifanya kazi saa 1,000 tu kwa mwaka, mgawo huo unapanda mara sita. Hoja ya saa za kazi inarudi kila upande unakoiangalia.

Jenereta ya dizeli inayotoa uniti 3 kwa lita hutoa kilo 0.89 kwa kila uniti, kwa mafuta yanayoungua peke yake. Mtambo wa bayogesi wenye upotevu mdogo unaishinda kwa mbali. Faida hiyo huisha kabisa upotevu unapofika karibu asilimia 14, na mtambo usio na mwenge wala kifuniko cha bwawa la tope hauko mbali sana na kiwango hicho. Na hayo ni kwa kipindi cha miaka 100. Kwa kipindi cha miaka 20, IPCC inaipa methani ya viumbe uzito wa karibu 80; hapo upotevu wa asilimia 5 unakuwa kilo 0.84 kwa uniti, karibu sawa na dizeli. Ripoti inayoonyesha kipindi kimoja na kukificha kingine inamnyima msomaji nusu ya habari, kwa hiyo onyesha vyote viwili, bega kwa bega.

Hewa ukaa inayotoka kwenye moshi wa bayogesi haihesabiwi kuwa nyongeza, mradi mkonge unapandwa tena, kwani jani lingine litaivuta. Methani na nitrasi oksidi, gesi nyingine ya kuongeza joto inayotokana na nitrojeni, hazipati msamaha huo.

Kuna athari nyingine zisizohusu tabianchi, nazo kwa watu wanaoishi chini ya mkondo ndizo zinazoonekana kwanza. Mbinu za hesabu kama CML na ReCiPe 2016 zina vigezo tayari vya kugeuza uchafuzi kuwa athari. Kwa urutubishaji wa maji kupita kiasi, kwa mfano, CML huhesabu kilo moja ya fosforasi kuwa kilo 3.06 za fosfati linganifu, na kilo moja ya nitrojeni kuwa 0.42. Mtambo hauharibu nitrojeni wala fosforasi, kwa kuwa kilichoingia na jani kinatoka na tope. Uchachushaji unapunguza ukali wa majitaka na harufu yake, lakini tope likimwagwa mtoni, virutubisho vyote vimekwenda nalo. Gesi isiyosafishwa ina salfidi ya haidrojeni, na kila kilo yake ikiungua hutoa kilo 1.88 za dioksidi ya salfa, inayotia uasidi hewani na kula injini. Kuisafisha gesi kunalinda mazingira na jenereta kwa pamoja.

Tope likirudishwa shambani linaweza kupunguza mbolea ya viwandani, na hiyo ni faida halali ya kuhesabu, lakini tu kwa kiasi ambacho mkulima ameacha kununua. Kama shamba halijawahi kutiwa mbolea, hakuna mbolea iliyookolewa, japo udongo umenufaika. Hesabu pia nitrasi oksidi: kwa kigezo cha msingi cha IPCC cha asilimia 1, kila kilo ya nitrojeni iliyomwagwa ardhini huleta takriban kilo 4.3 za hewa ukaa linganifu.

Hatua ya sita: Angalia umeme unaodai kuuondoa

Madai ya kuepusha uchafuzi hukua haraka katika sehemu hii. Ikiwa mtambo unazima jenereta ya dizeli iliyokuwa ikiendesha korona, thibitisha kwa rekodi za mafuta kwamba dizeli imepungua kweli. Ikiwa unapeleka umeme kwenye gridi, uliza gridi hiyo inazalisha kwa nini. Gridi ya Tanzania huchanganya gesi asilia na maji, na Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme mwaka 2024. Kigezo kilichokokotolewa kabla ya hapo hakifai tena. Nchini Kenya, ambako jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo vinatoa sehemu kubwa ya umeme, uniti ya bayogesi inaondoa uchafuzi kidogo zaidi kwenye gridi, na thamani ya mtambo wa namna hii inategemea zaidi methani iliyozuiwa kwenye mabaki.

Methani iliyozuiwa na umeme ulioondolewa ni faida mbili tofauti na zote zinaweza kuwapo kwa pamoja. Ziandike katika mistari miwili, wala usizijumlishe na mzigo wa mtambo wenyewe kuwa tarakimu moja, kwa sababu msomaji anastahili kuona kwamba mzigo uko hapa kwa hakika, ilhali faida inategemea dhana kuhusu kitu ambacho kingetokea.

Hatua ya saba: Zitikise dhana zako

Chukua dhana tano au sita zenye uzito, zisogeze juu na chini kwa kiwango kinachowezekana, na uangalie jibu linavyohama. Kwa mtambo wa mkonge, zianze na upotevu wa methani, kina cha bwawa la zamani, saa za kazi za jenereta, hatima ya tope, aina ya umeme uliobadilishwa na namna ya kuugawa mzigo wa shamba. Kama jibu la swali la hatua ya kwanza linageuka kutoka ndiyo kuwa hapana ndani ya kiwango hicho, sema hivyo waziwazi, na utaje kipimo ambacho kikifanyika kitaondoa shaka.

Matokeo yakitangazwa hadharani kwa kusema kwamba mtambo huu ni bora kuliko njia nyingine, ISO 14044 inataka yapitiwe na jopo la wahakiki, wakiwamo wenye maslahi. Katika mazingira yetu ningependa jopo hilo liwe na mtaalamu wa bayogesi asiyelipwa na mradi, mtu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano anayeujua mkonge na udongo wake, na mjumbe wa kijiji kinachochota maji chini ya kiwanda. Wa mwisho huyo hatauliza kuhusu vigezo, bali atauliza maji yanayopita kwake yatakuwa ya rangi gani mwezi wa Aprili, na swali hilo huwarudisha wataalamu kwenye hatua ya nne.

Mwisho, tathmini iliyofanywa wakati wa kusanifu imejengwa kwa makadirio, hata ikiandikwa kwa uangalifu namna gani. Mtambo ukishafanya kazi mwaka mmoja, rudi na mti wako wenye alama, usome mita ya gesi, ufungue daftari la jenereta ukurasa kwa ukurasa, na uweke tarakimu zilizopimwa mahali pa zile zilizokadiriwa. Ripoti ya pili iambatanishwe na ya kwanza katika faili moja, bila kuifuta ile ya mwanzo, ili fundi atakayesanifu mtambo wa Ngombezi au Magoma aone ni makadirio yapi yalisimama na ni yapi yaliyoanguka.